Mawazo Mengi: Kiwewe cha Mkimbizi Baada ya Kufika

Muulize mama mkimbizi aliyetoka Fizi, mashariki mwa Kongo, kama ana tatizo la afya ya akili. Atakujibu kwamba hana, na huenda akaudhika. Kwetu sote tunaosema Kiswahili, wa pwani na wa maziwa makuu, ugonjwa ukitajwa pamoja na akili kinachosikika ni kichaa: mtu wa kufungwa kamba, wa kupelekwa hospitali ya Mirembe au Mathari. Lakini muulize kama ana mawazo mengi, na mazungumzo yatafunguka. Atakuambia usingizi hauji, kichwa kinajaa, roho inamuuma, mgongo haujawahi kupona tangu kambini, na saa nane za usiku yuko macho akiwahesabu watu wake, waliopo na wasiokuwepo.

Waliotunga dodoso liitwalo RHS-15 mjini Seattle walilielewa jambo hilo. Dodoso hilo, lililochapishwa mwaka 2013 na kutafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, hutumika katika kliniki za Marekani zinazopima wakimbizi wapya. Linaanza na maumivu ya misuli, mifupa na viungo. Linapita kwenye huzuni, kuwaza kupita kiasi, kizunguzungu, kulia upesi, hofu isiyo na sababu, kushtuka. Mwishoni kuna picha ya kipimajoto, na mtu huonyesha dhiki yake imefika wapi kati ya 0 na 10. Hakuna mahali anapotakiwa kukiri kwamba ni mgonjwa wa akili. Washona wa Zimbabwe wana neno lao kwa hali hiyo, kufungisisa, yaani kuwaza mno, na daktari Dixon Chibanda alilitumia kuanzisha mabenchi ya Harare ambako bibi waliopewa mafunzo huketi na watu wenye mawazo na kuwasikiliza. Sisi tuna neno linalofanana na hilo katika lugha ya mamilioni ya watu, na matumizi yetu makubwa ya neno hilo mpaka sasa ni kusema tu kwamba fulani amekonda kwa mawazo.

Makala hii inahusu wakimbizi waliohamishiwa nchi ya tatu, yaani si kwao wala si walikokimbilia kwanza, na huduma za afya ya akili wanazopewa, hasa zile zinazoitwa huduma zinazozingatia kiwewe. Msimamo wangu nautoa mapema. Mengi yanayomponya au kumvunja mkimbizi hutokea baada ya ndege kutua, katika ofisi, kazi, shule na hospitali za kawaida. Mtaalamu wa nafsi ana nafasi yake, lakini mtu wa kwanza kuhitajika ni yule anayeijua lugha ya huyo mama, na ndiye tunayemlipa kidogo kuliko wote.

Wakimbizi walioko Marekani wametoka pembe nyingi za dunia, ila kundi moja, la Wakongo, linamgusa msomaji wa Kiswahili kuliko mengine. Mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilivyomwondoa Mobutu vilipoingia Kivu Kusini, watu wa Uvira, Baraka na Fizi walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti wakashukia Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo wilayani Kasulu. Wengine walielekea Burundi, Rwanda na Uganda, wengine wakafika Nairobi na kambi ya Kakuma nchini Kenya. Kurudi kukashindikana, kwani vita vilifuatwa na vita. Kuanzia mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilianza mpango wa kuwahamisha Wakongo wapatao 50,000 kutoka nchi za eneo hilo, na Marekani ikachukua sehemu kubwa kabisa. Mwaka wa fedha 2016 Wakongo zaidi ya 16,000 waliingia Marekani, wakiwa wengi kuliko wakimbizi wa nchi nyingine yoyote. Mwaka wa fedha 2024 walikaribia 20,000, wakawa wa kwanza tena. Ndiyo maana Kiswahili kinasikika leo Lexington na Louisville kule Kentucky, kinasikika Des Moines, Boise, Houston na Phoenix, na hata Abilene, mji wa ndani kabisa huko Texas. Hao ndio waliopata bahati, maana wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafikii 1 katika kila 100 duniani.

Dhana ya kwanza ya kuondoa ni kwamba kila mkimbizi ni mgonjwa. Mwaka 2005 Mina Fazel na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi wa tafiti zilizohusu wakimbizi karibu 7,000 waliohamishiwa nchi za Magharibi. Watu wazima wapatao 9 katika kila 100 walikuwa na ule msongo unaobaki baada ya kiwewe: jinamizi, kushtuka, tukio la zamani kumrudia mtu kana kwamba linatokea sasa. Wapatao 5 katika 100 walikuwa na sonona kali. Kwa huo msongo, hiyo ni kama mara kumi ya watu wa umri wao katika nchi walizohamia, kwa hiyo si jambo dogo. Hata hivyo, hesabu hiyohiyo inasema kwamba walio wengi hawana ugonjwa huo. Wana ndoto mbaya, wanatetemeka fataki za sikukuu ya Marekani ya tarehe 4 Julai zikilipuka, na asubuhi wanapanda basi kwenda kazini. Huduma inayowatazama wote kama wagonjwa huwaaibisha wazima na kuwapotezea nafasi wagonjwa.

Dhana ya pili inahusu chanzo. Tunapenda kudhani kwamba kinachomuumiza mkimbizi ni kile alichokiona vitani, basi. Matthew Porter na Nick Haslam, katika uchambuzi wao wa mwaka 2005 uliokusanya tafiti za miongo kadhaa, walikuta kwamba hali ya akili ya wakimbizi inapanda na kushuka kufuatana na maisha yao baada ya kukimbia: wanaishi katika nyumba yao au katika makazi ya pamoja, wanaruhusiwa kufanya kazi au hawaruhusiwi, vita vya kwao vimekwisha au vinaendelea. Walikuta pia kwamba waliokuwa na elimu na hadhi kwao ndio walioumia zaidi. Sioni ajabu. Mtu aliyeheshimiwa kama mwalimu au nesi Uvira, akijikuta anasugua sakafu usiku chini ya kijana asiyeweza kutamka jina lake, amefiwa na nafsi yake ya zamani, na kwa msiba wa namna hiyo hakuna anayekuja kutoa pole.

Kati ya vita na ndege kuna kambi, na kambi nayo ni kidonda. Tanzania imewapokea watu wengi kuliko nchi nyingi tajiri, na hilo nalisema kwa heshima. Lakini sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 ilijengwa juu ya kuwaweka watu kambini, na utaratibu ukawa kwamba mkimbizi asitoke zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Kijana aliyezaliwa Nyarugusu ameweza kufikisha miaka 20 bila kulima shamba lake, bila kitambulisho cha uraia unaomfaa kitu, akila mgawo uliopimwa na wengine. Miaka ya namna hiyo inamfundisha mtu kwamba juhudi zake hazibadilishi chochote. Kisha siku moja anatua Marekani na kuambiwa ana siku 90.

Siku 90 ndizo zinazohudumiwa na mpango wa kwanza wa mapokezi: nyumba, samani, shule ya watoto, namba ya hifadhi ya jamii, kliniki, kazi. Msaada wa fedha kwa wasio na watoto wadogo ulikuwa miezi 12. Tangu Mei 2025 umepunguzwa kuwa miezi 4. Nauli ya ndege ni mkopo, na familia huanza kuulipa mapema. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeamua kwamba kuanzia Oktoba 2026 wakimbizi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu hawatakuwa tena na haki ya bima ya Medicaid, bima ambayo ndiyo iliyokuwa ikilipia ushauri nasaha na dawa za sonona. Hapo ndipo maneno mazuri ya huduma yanapogongana na kalenda. Mtu hawezi kushughulikia kiwewe cha mwaka 1998 wakati kodi ya nyumba ya mwezi huu haijapatikana, na mshauri anayemlazimisha afanye hivyo hajamwelewa.

Onyo tulishalipata kwa wengine. Wakimbizi wa Bhutan wenye asili ya Nepal walianza kupelekwa Marekani kwa wingi mwaka 2008, baada ya miaka karibu 20 ya kambi nchini Nepal. Muda si mrefu taarifa za kujiua zikaanza kuwa nyingi. Mamlaka ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilichunguza na kukuta kwamba kati ya 2009 na 2012 kiwango kilikuwa 20.3 kwa kila watu 100,000, wakati cha Wamarekani wote kilikuwa 12.4. Waliokuwa na fikra za kujiua walielekea kuwa watu wasioweza tena kulisha familia zao na wanaojiona hawana wa kuwashika mkono. Yaani mauti yaliwangoja katika vyumba vya kupanga, salama kabisa, mbali na kila askari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko mengine, nalo ni ile hadithi yenyewe ya mateso.

Ili mkimbizi ahamishiwe nchi ya tatu kwa njia ya UNHCR ni lazima kesi yake iingie katika mojawapo ya mafungu ya shirika hilo: manusura wa mateso au ukatili, mwanamke aliye hatarini, mwenye maradhi yasiyotibika alipo, mtoto aliye hatarini, na mengineyo. Kwa hiyo anasimulia. Anamsimulia ofisa wa UNHCR. Anawasimulia tena wanaotayarisha mafaili ya Marekani, ambao makao yao kwa nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara yamekuwa Nairobi. Anamsimulia tena ofisa wa uhamiaji wa Marekani aliyekuja kwa intavyuu. Kila mara maswali ni yaleyale: walikuja saa ngapi, walikuwa wangapi, walimfanya nini mumeo, wewe walikufanya nini, ilikuwa tarehe ngapi. Tarehe zikipishana, kesi inaweza kukwama miaka. Nayo kumbukumbu ya kiwewe haiji kwa mpangilio wa tarehe. Inakuja kwa harufu ya moshi, kwa sauti ya buti, kwa kipande kimoja kilicho wazi mno na vingine vilivyofutika. Mkimbizi analazimika kuipanga hadithi, kuikariri, kuilinda isibadilike, mwisho inakuwa ngumu kama cheti. Ndugu zake wanajua kwamba maisha yao yote yananing'inia kwenye cheti hicho.

Halafu anafika Louisville, na katika wiki za kwanza mtu mpole mwenye kalamu anamwambia: niambie yaliyokupata. Huyo mpole anadhani anafungua mlango wa uponyaji. Mama anaona intavyuu ya nne. Ama atatoa kile cheti alichokariri, neno kwa neno, kwa macho makavu, na mpole ataandika kwamba mgonjwa haonyeshi hisia. Ama atanyamaza, akihofia kwamba jibu lisilofanana na la Nairobi litamrudisha alikotoka. Vyovyote iwavyo, usiku ule hatalala.

Nikitafuta maana ya kuzingatia kiwewe, naanzia hapo: kutouliza. Mwaka 2014 wakala wa Marekani wa afya ya akili na matumizi ya dawa za kulevya, SAMHSA, ulitoa mwongozo wa kuziongoza taasisi zote, hata zisizotibu. Uzito wa mwongozo ule ni kwamba taasisi itambue jinsi kiwewe kilivyoenea, ijue dalili zake, iupange utendaji wake wote kwa kuzingatia hilo, na ijihadhari isimwumize mtu upya. Inasikika kama maneno ya semina, lakini katika maisha ya mkimbizi ni vitu vidogo vinavyoshikika. Ofisa aseme mwanzoni kabisa kwamba hapa si uhamiaji, kwamba yanayosemwa hayaendi serikalini, na kwamba swali lolote linaweza kurukwa. Muuguzi aeleze kabla ya kugusa. Kiti cha mgonjwa kiwe upande anakoweza kuuona mlango. Daktari wa meno afahamu kwamba kumlaza chali mtu aliyeteswa na kumshikia taa usoni ni kumrudisha kule. Mwalimu asimwadhibu mtoto aliyejificha chini ya meza king'ora cha moto kilipolia. Amweleze siku moja kabla kwamba kesho kutakuwa na zoezi. Mwenye nyumba agonge na kungoja. Taarifa iliyokwisha kuandikwa mara moja ipitishwe kwa idhini yake kwa anayeihitaji, ili asilazimike kuitamka tena. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada ya saikolojia.

Linalohitaji ujuzi wa hali ya juu ni ukalimani, na huko ndiko ninakoona uzembe mkubwa. Hospitali ya Marekani inayopokea fedha za serikali kuu imetakiwa tangu Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 isimbague mtu kwa asili yake, na hilo limefasiriwa kuwa ni pamoja na kumpatia mkalimani. Basi skrini inawashwa au simu inapigwa, na sauti inasema kwa Kiswahili: hujambo. Kwenye fomu lugha imeandikwa "Swahili", kama vile ni moja tu. Mkalimani ametoka Mombasa au Dar es Salaam. Mgonjwa anasema alienda kwa munganga, na mkalimani anatafsiri kwamba alikwenda kwa mganga wa kienyeji, kumbe kwa Kiswahili cha Kongo munganga ni daktari wa hospitali. Mgonjwa anasema ana mawazo mingi. Mkalimani anamsahihisha ngeli kimoyomoyo na kumwona hana elimu, na dharau hiyo inasikika sautini hata isiposemwa. Wazee wengine wa Kibembe na Kifuliiru wanakitumia Kiswahili kama lugha ya soko na kanisa. Mambo ya ndani wanayajua kwa lugha ya mama tu. Swali la RHS-15 likisomwa kwa Kiswahili sanifu kwa mtu huyo, alama anayopata inapima ufahamu wake wa Kiswahili sanifu kuliko dhiki yake.

Katika ukalimani kuna lingine zito zaidi, nalo ni historia. Katika siku za kufunga mwaka 1998 na kufungua 1999, mamia ya watu waliuawa Makobola, katika nchi ya Wabembe. Tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba nchini Burundi, waliuawa wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wabanyamulenge, yaani Watutsi wa Kivu Kusini. Manusura wao walianza kupelekwa Marekani miaka michache baadaye, nao hufanya ibada ya kumbukumbu kila Agosti. Watu wa misiba hiyo miwili, wa pande zilizohasimiana, wanaweza kuwa leo katika mji mmoja wa Marekani, wanatumia kliniki moja, na wote wameandikwa "Congolese, Swahili". Mkalimani akishataja jina lake au lafudhi yake ikasikika, mgonjwa anajua ametoka upande upi, na mdomo unaweza kufungwa palepale. Aidha, jumuiya ni ndogo: huenda mkalimani ni shemasi wa kanisa lake. Mwanamke aliyebakwa hatatamka neno hilo mbele ya mtu atakayekutana naye Jumapili. Kliniki inayojali ingemuuliza kabla ya miadi: unataka mwanamke au mwanamume, mtu wa hapa au wa simu kutoka mbali, wa lugha ipi hasa, na kuna mtu usiyemtaka? Maswali manne, dakika mbili. Kinachofanyika mara nyingi ni kumwita mwanawe wa miaka 12, ingawa kanuni za afya zinakataza kumtegemea mtoto isipokuwa kwa dharura. Mtoto huyo ndipo anapopata habari za kilichompata mama yake, naye anakibeba peke yake kwenda nacho shule.

Naye mkalimani? Kwa kazi hii yeye husema "mimi": mimi nilishikwa, mimi niliwaona wakimchukua. Anasema hivyo mara tano kwa siku kwa vinywa vya watu watano, na mara nyingi ni mkimbizi mwenyewe. Daktari ana msimamizi wa kuzungumza naye baada ya kesi ngumu. Mkalimani anakata simu na kupokea inayofuata.

Kuhusu tiba zenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa habari ni njema na haina utata mwingi. Msongo baada ya kiwewe unatibika, na ushahidi wake mzuri umetoka kwetu. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwafundisha wakimbizi wa kawaida kutoa tiba ya kusimulia maisha: kamba inatandazwa sakafuni kuwa maisha ya mtu, maua yanawekwa mahali pa heri na mawe mahali pa shari, kisha mtu anayapitia yote kwa mpangilio pamoja na msikilizaji wake, siku ya kuzaliwa mpaka leo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Karibu 7 katika kila 10 waliopata tiba hiyo hawakuwa tena na ugonjwa, dhidi ya chini ya 4 katika 10 kwa waliofuatiliwa bila tiba. Na kundi lililopewa ushauri nasaha wa kawaida kutoka kwa wakimbizi wenzao lilikaribia sana matokeo ya wale wa kamba na mawe. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walitoa matokeo ya utafiti kutoka Kivu zote mbili, ukihusisha wanawake zaidi ya 400 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Tiba ya vikundi iliongozwa na wasaidizi wa Kikongo ambao wengi elimu yao ilikuwa ya sekondari, na ilirekebishwa ili iwafae wasiojua kusoma. Miezi 6 baada ya tiba, wanawake 9 katika 100 ndio waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa; kwa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja walikuwa 42.

Tofauti kati ya kumsimulia ofisa na kumsimulia msikilizaji wa Nakivale inafaa kuangaliwa. Kwa ofisa mtu anatoa vipande anavyotakiwa kuvitoa, anapimwa ukweli, anaondoka. Nakivale anachagua mwenyewe kuanza, hadithi yake ina maua pia, anayemsikiliza hamtilii shaka, na mwishoni anapewa maisha yake yameandikwa, yawe mali yake. Sipingi kusimulia hata kidogo. Napinga kusimulishwa.

Nashangaa basi kwamba mwanamke wa Kivu, ambaye kwao tiba ya kikundi iliyoongozwa na mtu wa sekondari ilionekana kufaa, akifika Marekani huwekwa kwenye orodha ya kungoja mtaalamu wa leseni asiyejua lugha yake, kwa kikao cha dakika 50 peke yake chumbani. Wakati huohuo, mtaa wake una watu waliokuwa wasaidizi wa kijamii kambini Nyarugusu na Nakivale, na sasa wanapanga maboksi ghalani. Australia ilichagua njia nyingine mapema. Shirika la Foundation House lilianza Melbourne mwaka 1987 na lile la STARTTS huko Sydney mwaka 1988. Kila jimbo lina chombo chake kwa manusura wa mateso na kiwewe, kinacholipwa na serikali, kinachoajiri watu wa jumuiya zenyewe, na kazi yake haipimwi kwa siku 90. Marekani nayo ina sheria ya mwaka 1998 ya kuwasaidia waathirika wa mateso na ina vituo vya sifa kubwa kama Center for Victims of Torture cha Minnesota, kilichoanza 1985. Lakini Abilene si Minnesota.

Wakongo wenyewe hawakungoja. Wana makanisa ambayo ndani yake mtu anaweza kulia kwa sauti bila kuulizwa alama yake ni ngapi. Wana vikundi vya akina mama, michango ya misiba, na matanga yanayofanywa kwa simu wakati maiti imelala ng'ambo ya bahari. Nimeona wataalamu wakiyaita hayo "utamaduni", kama pambo la kuweka ukutani. Ni tiba. Aliyefiwa na mume mwaka 1998 bila kumzika amekosa jambo ambalo dawa ya usingizi haiwezi kulitoa, na kikundi kinachokaa naye, kikamtaja marehemu kwa jina na kumwombea, kinalikaribia. Vilevile si kila kinachosemwa madhabahuni kinafaa. Mchungaji anayemwambia mwenye sonona kwamba amekosa imani, au anayefanya jinamizi kuwa pepo la kukemewa mbele ya watu wote, anaongeza kidonda. Wachungaji wanaoweza kusema "tuombe, na kesho nitakusindikiza kliniki" wapo, na kliniki yenye busara ingewatafuta kabla ya kununua programu nyingine ya simu.

Kisha kuna wale waliobaki. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Bukavu ikafuata mwezi Februari. Tarehe hiyohiyo ya 27 Januari ndipo agizo la Rais wa Marekani la kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi lilipoanza kutumika. Maelfu waliokuwa tayari na tiketi za ndege walibaki kambini, baadhi wakiwa wameshauza vyombo. Huko Kentucky na Iowa, mama aliyekuwa amepanga chumba kwa ajili ya mwanawe alipokea habari zote mbili kwa simu ileile, ndani ya wiki moja. Kumwambia huyo kwamba kiwewe chake ni cha zamani ni kukosea tarehe. Kwake vita havijapita. Vinaingia kila usiku kupitia WhatsApp, kwa sauti za ndugu wanaonong'ona. Silaha kubwa ya tiba ya kiwewe ni kumhakikishia mtu kwamba yale yamekwisha na sasa yuko salama. Yeye yuko salama nusu, na mtoto wake ndiye nusu nyingine. Ningependa kila mpango wa afya ya akili kwa wakimbizi uandike mkutano wa familia kuwa sehemu ya matibabu, uwe na mwanasheria ndani yake, na umsaidie mtu kufuatilia faili la mwanawe kwa bidii ileile ya kufuatilia vidonge vyake.

Kwetu sisi wa Kiswahili ipo kazi ambayo hatuwezi kuiachia Seattle. Mabaraza na vyuo vyetu vya Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi vimetunga istilahi za kompyuta na za sheria; vikae sasa na wauguzi wa Kivu, na wakalimani wa Louisville, na wazee wa Kibembe, viandike maneno ya dhiki jinsi watu wanavyoyasema: mawazo mengi, kichwa kujaa, roho kuuma, kushtukashtuka, na tofauti zake kutoka Baraka mpaka Lamu. Mkalimani wa Mombasa anayefanya kazi kwa simu ajifunze munganga ni nani kabla ya kupokea mgonjwa mwingine kutoka Kongo. Na wewe mwenye Kiswahili cha Fizi, Uvira au Bukavu, unayeitwa kila wiki hospitalini "uje utusaidie kidogo" halafu unarudi nyumbani na nauli yako mwenyewe na maneno ya watu wengine kifuani: dai mkataba, dai mafunzo, na dai mtu wa kukusikiliza wewe.